Kwenda Losar ya Ladakh: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusanywa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayetaka kuuona mwaka mpya wa Kibudha katika milima ya Ladakh, kaskazini mwa India. Losar ya huko ni sikukuu ya nyumbani kwanza, kisha ndiyo tamasha la hadharani. Anayekwenda akitarajia jukwaa na ratiba iliyochapishwa ataona machache, lakini anayekwenda kama mgeni wa familia fulani, akiwa na siku za kutosha, ataona mengi. Karibu kila jibu hapa chini linatokana na jambo hilo.

## Sikukuu yenyewe

Losar ni nini, na Ladakh iko wapi?

Losar ni mwaka mpya wa Wabudha wa Tibet na wa jamii za Himalaya zilizopokea dini na kalenda yao kutoka Tibet. Kalenda hiyo hufuata mwezi na jua kwa pamoja. Miaka yake hupewa majina ya wanyama kumi na wawili yakiunganishwa na elementi tano, hivyo jina moja hurudi baada ya miaka 60.

Ladakh iko kati ya safu za Himalaya na Karakoram, ikipakana na Pakistan na China, na Mto Indus unapita katikati yake. Tangu tarehe 31 Oktoba 2019 ni eneo linalotawaliwa moja kwa moja na serikali kuu ya India. Leh, mji wake mkubwa, uko mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Wakazi wa upande wa Leh wengi wao ni Wabudha, na wa upande wa Kargil wengi wao ni Waislamu wa Kishia. Kwa hiyo si kila bonde la Ladakh husherehekea Losar.

Kwa nini Losar ya Ladakh huja mapema kuliko ya Tibet?

Tibet huadhimisha mwaka mpya mwezi Februari au Machi. Ladakh huuadhimisha miezi miwili hivi kabla, siku ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja wa kalenda ya Kitibet, ambayo mara nyingi huangukia Desemba.

Wenyeji husimulia kwamba mwanzoni mwa karne ya 17 mfalme Jamyang Namgyal alitaka kwenda vitani dhidi ya watawala wa Baltistan. Akaambiwa kwamba kutoka na jeshi kabla ya mwaka mpya kungeleta nuksi. Hakutaka kungoja, akaamuru mwaka mpya usherehekewe mapema, kisha akaondoka. Vita vilimwendea vibaya: alishindwa, akatekwa, na hatimaye akaozwa binti wa mtawala wa Skardu, huko Baltistan, aitwaye Gyal Khatun, aliyekuwa Mwislamu. Mtoto wao, Sengge Namgyal, ndiye aliyejenga kasri la ghorofa tisa ambalo hadi leo linautazama mji wa Leh kutoka juu ya mwamba. Tarehe iliyosogezwa kwa ajili ya vita haikurudishwa tena.

Wapo wanaosema kwamba sherehe ya katikati ya kipupwe ilikuwapo tangu zamani, kwa sababu wakati huo mavuno yamekwisha kuhifadhiwa ghalani na ardhi imeganda, na mkulima hana kazi shambani. Maelezo hayo mawili hayagongani, na ukikaa kijijini mwezi Desemba utaona jinsi la pili lilivyo na nguvu.

Nitajuaje tarehe ya mwaka ninaotaka kwenda?

Losar huanza mwezi unapoandama, kwa hiyo tarehe huhama kila mwaka. Mwaka 2023 iliangukia katikati ya Desemba, na mwaka uliofuata ikaangukia siku ya mwisho kabisa ya Desemba. Tazama kwanza kalenda ya miandamo ili upate makadirio, kisha thibitisha na mwenyeji wako au wakala aliyeko Leh kabla ya kulipia tiketi, kwa maana hesabu za wanajimu wa Kitibet huweza kutofautiana kwa siku moja na zile unazozisoma kwingine.

Huchukua siku ngapi, na hufanyika nini?

Siku kuu zenyewe ni tatu, lakini shamrashamra huanza siku kadhaa kabla na katika vijiji vingi huendelea kwa wiki moja au zaidi.

Mlango wa sikukuu ni Galdan Namchot, siku ya 25 ya mwezi wa kumi, inayomkumbuka Tsongkhapa (1357–1419), mwanzilishi wa madhehebu ya Gelug. Usiku huo taa huwashwa juu ya mapaa ya nyumba, kwenye gompa, yaani makao ya watawa, na kandokando ya chorten, zile nguzo nyeupe za ibada zinazoonekana kila njia panda. Ukiweza kupanga safari yako ianze kabla ya usiku huo, fanya hivyo. Mwili utakuwa umepata siku za kuzoea mwinuko kabla ya shughuli kubwa, na macho yako yatakuwa yameiona Leh ikiwaka taa kuanzia bondeni hadi mlimani.

Katika siku zinazobaki za mwaka unaokwisha nyumba husafishwa na jikoni hupambwa. Jiko la Kiladakh lastahili kutazamwa kwa makini. Katikati huwa pana jiko la chuma lililonakshiwa, na ukutani pana rafu zilizojaa masufuria na mitungi ya shaba iliyosuguliwa hadi inang’aa. Katika siku hizo kuta na nguzo huchorwa alama za heri kwa vidole vilivyochovywa katika unga. Wazee hukaa wakifinyanga unga uliokandwa wakiupa sura ya mbuzi mwitu wa milimani, yule mwenye pembe ndefu zilizopinda kwenda nyuma. Pembe hutengenezwa kwanza, zikiviringishwa kati ya viganja, kisha mwili hubanwa kwa dole gumba na macho hutiwa kwa punje. Wanyama hao wadogo hupangwa kwenye rafu za jikoni kuleta baraka na uzao. Juu ya paa, matawi makavu ya mreteni yaliyokaa mwaka mzima kwenye madhabahu ya mungu mlinzi wa nyumba huondolewa na kuwekwa mabichi.

Jioni za mwisho wa mwaka hufanyika metho, maandamano ya mienge. Wanaume na vijana hukimbia vichochoroni wakizungusha mienge na kupiga kelele za kufukuza maovu ya mwaka mzima, kisha huitupa nje ya kijiji. Familia hula guthuk, mchuzi mzito wa vitu tisa wenye matonge ya unga. Ndani ya baadhi ya matonge hufichwa vitu: anayekuta mkaa huambiwa ana moyo mweusi, anayekuta pilipili huambiwa ana maneno mengi, na anayekuta sufu husifiwa kwa upole. Watu hucheka sana, na mgeni hasamehewi. Mkesha pia ni wakati wa kuwakumbuka marehemu, ambapo chakula hupelekwa mahali pa kuwakumbukia wazazi waliotangulia. Hiyo si sehemu ya kufuata na kamera.

Siku ya kwanza ya mwaka ni ya nyumbani. Watu huvaa goncha, kanzu nzito ya sufu inayofungwa kwa mshipi, na wanawake wenye perak, kilemba kirefu kilichoshonewa mawe ya feruzi, hukitoa sandukuni. Wadogo huwaendea wakubwa na kuwapa khatak, kitambaa cheupe cha heshima. Siku ya pili na ya tatu milango hufunguka, na kutembeleana huanza kwa ndugu, kisha majirani, kisha kijiji kizima. Katika baadhi ya vijiji hutokea watu waliovaa barakoa wakiigiza babu na bibi wazee sana, wakizunguka nyumba kwa nyumba wakitoa baraka na kuchekesha.

Je, nitaziona ngoma za watawa waliovaa barakoa?

Huenda usizione. Ngoma hizo, ziitwazo cham, ni za sikukuu za gompa, na kila gompa ina tarehe zake. Hemis hufanya zake wakati wa kiangazi, Juni au Julai. Za kipupwe zilizo karibu na Losar ni Gustor ya Spituk, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja wa Kitibet, yaani wiki nne hivi baada ya Losar, na Dosmoche ya Leh na Likir mwezi mmoja baadaye. Anayetaka vyote viwili kwa safari moja ajipange kukaa hadi Januari. Anayetaka cham peke yake aache Losar, aende wakati wa sikukuu ya gompa.

## Kufika

Ninahitaji viza na chanjo gani?

Viza ya India ni lazima. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi wanaweza kuomba viza ya kielektroniki kupitia tovuti rasmi ya serikali ya India. Raia wa nchi nyingine waulize ubalozi. Jihadhari na tovuti za madalali zinazofanana na ile rasmi na kutoza ada maradufu.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hakina mjadala kwa anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo, na anayetoka Tanzania akipitia Nairobi naye awe nacho. India ni kali katika jambo hili, na asiyekuwa na cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Cheti huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchanjwa, kwa hiyo chanjo ya siku moja kabla ya safari haisaidii kitu.

Nitafikaje Leh mwezi Desemba?

Kwa ndege kutoka Delhi. Barabara mbili kuu, ile ya kutoka Manali na ile ya kutoka Srinagar kupitia Zoji La, hukumbwa na theluji kipindi hicho, na msafiri asizitegemee. Ndege kutoka Delhi huchukua saa moja na nusu hivi. Karibu zote huruka asubuhi, kwa sababu kadiri siku inavyosonga upepo wa mabondeni huzidi na kutua huwa kugumu. Keti dirishani.

Wingu zito au theluji huahirisha safari za ndege, wakati mwingine kwa siku kadhaa mfululizo. Usinunue tiketi ya kurudi Afrika Mashariki inayotegemea kufika Delhi siku ileile. Acha angalau siku mbili katikati, na tatu ni bora.

Je, kuna vibali vingine baada ya viza?

Kwa Leh yenyewe na vijiji vingi vya bonde la Indus vilivyo karibu nayo, hapana. Mgeni anayetaka kwenda bonde la Nubra, Ziwa Pangong au Tso Moriri anahitaji kibali cha maeneo ya mpakani, kinachoombwa kupitia wakala aliyesajiliwa mjini Leh, na kwa kawaida kwa watu wawili au zaidi pamoja. Njia ya Nubra hupitia Khardung La, kivuko cha mlimani cha mita 5,359, ambacho theluji ikianguka hufungwa bila taarifa ndefu. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, vijiji vya Indus vinatosha kabisa. Sikukuu ni ileile, na hospitali iko karibu.

## Mwinuko, baridi na afya

Mwinuko wa Leh ni hatari kwa kiasi gani?

Hili ndilo swali linalopaswa kuulizwa kabla ya yote, na wengi huliuliza wakiwa tayari wanaumwa. Msafiri anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala kwanza Mandara, mita 2,720, na usiku wa pili Horombo, mita 3,720. Anayekwenda Leh huamka Delhi, kwenye mita zipatazo 200, na kabla ya chakula cha mchana yuko karibu na kimo cha Horombo, akiwa amefika kwa kukaa tu kwenye kiti. Kauli ya waongoza watalii wa Kilimanjaro, pole pole, inahitajika zaidi huku kuliko kule.

Saa 48 za kwanza pumzika kabisa. Usipande ngazi za kasri, usioge maji ya moto kwa muda mrefu, usinywe pombe, na kunywa maji ya kutosha ingawa baridi hukuondolea kiu. Maumivu ya kichwa, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang’amung’amu ni vya kawaida, na mara nyingi hutulia siku ya pili au ya tatu. Usilale mahali palipo juu zaidi kabla havijatulia.

Dalili zifuatazo si za kungojea: kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, kuyumba unapotembea, au maneno kuchanganyika. Nenda Hospitali ya Sonam Norboo Memorial mjini Leh mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Tiba ya kweli ni kushuka. Wakati wa kipupwe hakuna barabara ya kukushusha upesi hadi nchi tambarare, kwa hiyo utapewa oksijeni na dawa hadi ndege ipatikane.

Dawa ya asetazolamidi husaidia kuzuia, lakini iandikwe na daktari anayezijua aleji zako, hasa kama dawa za salfa hukudhuru.

Nina selimundu, au nimebeba kinasaba chake. Naweza kwenda?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa watu wa Afrika Mashariki na Kati, na maelezo mengi ya safari za Himalaya hayaligusi kwa sababu hayakuandikwa kwa ajili yetu. Mwenye ugonjwa wenyewe wa selimundu asiende. Upungufu wa oksijeni kwenye kimo kama hicho unaweza kuanzisha maumivu makali na madhara makubwa mbali na msaada. Aliyebeba kinasaba kimoja, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuugua, naye ana hatari: yapo matukio yanayojulikana kitabibu ya wengu kuharibika kwa watu wa aina hiyo wakiwa milimani, na dalili yake ni maumivu makali ubavuni upande wa kushoto. Kama hujui hali yako, pima kabla ya kulipa chochote. Ni kipimo cha damu cha kawaida.

Wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo au mapafu, na wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa nao waamue pamoja na daktari wao.

Baridi ni kali kiasi gani, na nivae nini?

Mjini Leh mwezi Desemba mchana huelea karibu na nyuzi sifuri, na usiku hushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Vijiji vya juu huzidi hapo. Hewa ni kavu, jua la mchana linachoma, na likizama tu nyuma ya mlima baridi huingia mara moja.

Vaa tabaka juu ya tabaka: nguo za ndani za sufu, sweta, kisha koti zito. Viatu viwe na nafasi ya soksi mbili, kwa sababu kiatu kinachobana hugandisha vidole. Usisahau miwani ya jua na mafuta ya midomo. Betri za simu huisha haraka kwenye baridi, kwa hiyo ilaze simu yako ndani ya blanketi unapolala.

Nyumba hupashwa moto kwa jiko la kuni au samadi iliyokaushwa, na wakati mwingine kwa gesi. Usilale chumbani jiko likiwaka ilhali madirisha yamefungwa. Moshi usioonekana huua kimyakimya, na hatari hiyo ni ileile ya jiko la mkaa kwetu.

## Kulala, kula na mawasiliano

Nilale hotelini au kwa familia?

Kwa familia, bila kusita. Hoteli na nyumba nyingi za wageni hufungwa kipindi cha kipupwe, na hata zilizo wazi zitakuacha ukitazama sikukuu kupitia dirishani, kwa kuwa watumishi wao nao wamekwenda makwao. Familia zinazopokea wageni kwa malipo zipo Leh na katika vijiji kadhaa vya bonde la Indus. Wasiliana nao miezi kadhaa mapema na uwaulize waziwazi kama wangependa kuwa na mgeni wakati wa Losar. Wakisita, usiwasukume.

Tarajia mambo mawili. Mabomba huganda, kwa hiyo utaogea maji ya ndoo yaliyochemshwa, na si kila siku. Choo cha Kiladakh ni chumba cha juu chenye tundu sakafuni na rundo la udongo pembeni: ukimaliza unasukumia udongo kwa koleo. Hakitumii maji, hakinuki sana kwa ubaridi ule, na mbolea yake hurudi shambani majira ya kuchipua. Ni ubunifu wa watu waliokaa karne nyingi mahali pasipo na mvua, nao wastahili heshima yako.

Nitakula nini?

Shayiri, ngano, siagi, maziwa yaliyokaushwa na nyama. Utapewa khambir, mkate mnene wa asubuhi. Thukpa, supu ya tambi. Skyu, vipande vya unga vilivyopikwa na viazi na karoti. Na momo, ambazo umbo lake litamkumbusha mtu wa pwani sambusa ndogo za mvuke. Unga wa shayiri iliyokaangwa huliwa kwa kukandwa na chai. Chai yenyewe, gurgur cha, hutiwa chumvi na siagi na kusukwasukwa ndani ya mtungi mrefu wa mbao. Ukiionja kama supu badala ya chai utaipenda haraka zaidi, na siagi yake ndiyo inayoupa mwili joto.

Mimi ni Mwislamu. Kuna chakula halali na mahali pa kuswali?

Ndiyo. Leh ina Waislamu wa tangu karne nyingi, na msikiti wake mkuu ulijengwa katika karne ya 17 chini kidogo ya kasri. Wachinjaji na wauza nyama wengi wa mjini ni Waislamu. Kijijini mwambie mwenyeji mapema kwamba utakula mboga na maziwa, naye hataona ajabu, kwa maana Waladakh wa dini zote mbili wameishi kwa kutembeleana na wengi wana ndugu upande wa pili. Kuhusu chang, pombe ya shayiri inayomiminwa kila nyumba, tazama jibu la adabu ya kukataa hapa chini.

Mimi ni Mkristo. Je, Krismasi itanipita?

Si lazima. Leh ina kanisa la Moravian, lililoanzishwa na wamisionari waliofika mwaka 1885, miaka sita tu kabla wamisionari wa kanisa hilohilo hawajafika Rungwe, kusini mwa Tanzania. Usharika wa Leh ni mdogo sana ukilinganishwa na wa Mbeya au Tabora. Mmoravian wa Tanzania anayejikuta huko tarehe 25 Desemba ataketi na ndugu wa kanisa lake katikati ya Himalaya, na sijui safari nyingine inayoweza kumpa jambo hilo.

Simu na fedha zitafanya kazi?

Laini za kulipia kabla zilizosajiliwa sehemu nyingine za India hazifanyi kazi Ladakh. Zinazofanya kazi ni za malipo ya baadaye, au zilizosajiliwa hukohuko. Tegemea intaneti ya mwenyeji, inapopatikana, na waage watu wa nyumbani ukiwa Delhi. Usibebe kabisa simu ya setilaiti: kuwa nayo India bila kibali ni kosa la jinai.

Mashine za kutolea fedha zipo Leh, lakini huweza kuishiwa au kuzimika. Vijijini ni fedha taslimu tu. Chukua za kutosha Delhi.

## Adabu

Nifanyeje nikiingia nyumba ya watu siku ya Losar?

Vua viatu, sema julley, yaani salamu ya Waladakh, na umpe khatak mkubwa wa nyumba kwa mikono miwili. Vitambaa hivyo huuzwa sokoni Leh kwa bei ndogo. Kaa pale unapoelekezwa, kwa kuwa nafasi hupangwa kwa umri na heshima, na aliye karibu na jiko huwa ndiye mkubwa. Usinyooshe miguu kuelekea jikoni wala madhabahuni, usiruke chakula wala vyombo, na usitupe taka ndani ya moto wa jiko. Zawadi nzuri ni matunda, majani ya chai, sukari au njugu.

Ukipita chorten au ukuta wa mawe yaliyochongwa maneno ya sala, uache upande wako wa kulia.

Nikataeje chakula au pombe bila kumkera mwenyeji?

Kukataa kwanza ni sehemu ya adabu yenyewe. Mwenyeji hutarajia mgeni aseme hapana mara mbili tatu kabla ya kupokea, naye ataendelea kubembeleza. Ugumu humkuta yule ambaye hapana yake ni ya kweli. Basi ieleze kabla ya kikombe kujazwa, ukitaja sababu ya dini au afya, kisha omba chai. Kwa chai, onja kidogo tu kila mara, kwa sababu kikombe kinachopungua hujazwa papo hapo. Kikombe kilichojaa ndicho kinachosema umetosheka.

Naweza kupiga picha?

Omba ruhusa ya kila mtu na kila chumba. Mienge na mapambo kwa kawaida hayana shida. Ibada za marehemu (tazama jibu kuhusu siku za sikukuu) na chumba cha madhabahu viache mpaka ualikwe. Wanajeshi, madaraja, misafara ya magari ya jeshi na uwanja wa ndege usivipige kamwe, na droni iache nyumbani.

## Hali za pekee

Itakuwaje kama familia inayonipokea imefiwa?

Nyumba yenye msiba haisherehekei, na kijiji kidogo chaweza kupunguza shamrashamra zote kwa ajili ya jirani mmoja. Mwenyeji akikuarifu, toa pole, mwachie khatak na malipo ya siku ulizokaa, na umwombe akuelekeze kwa familia nyingine. Usiombe “sherehe ndogo” kwa ajili yako.

Naweza kwenda na watoto?

Watoto wakubwa wanaoweza kueleza wanavyojisikia, ndiyo. Mtoto mchanga hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma, na dalili za mwinuko hufanana na kilio cha kawaida. Mimi ningemwacha.

Nimeikosa Losar ya Desemba. Je, ningoje mwaka mzima?

La. Watibeti wakimbizi waishio Choglamsar, kilomita chache kutoka Leh, huadhimisha Losar ya Tibet mwezi Februari au Machi. Siku chache kabla yake hufanyika Dosmoche, ambapo watawa huteketeza na kuharibu sanamu za kufukuzia mabaya mbele ya umati, na baada yake huja sikukuu za Stok na Matho, ambako waaguzi waliopandwa na miungu hutabiri habari za mwaka. Baridi ni ileile, na masharti yote ya mwinuko yaliyoelezwa juu yanabaki palepale. Tarehe zithibitishwe kama ilivyoelezwa katika jibu kuhusu kalenda, na nyumba ya kulala itafutwe mapema vilevile.